Hereni za matao ya stesheni

Mama mmoja wa Ujiji alikuja kibandani kwangu cha usonara, Mwanga hapa Kigoma, na bangili mbili za dhahabu za marehemu mama yake, amezifunga kwenye leso. Alitaka niziyeyushe zote nimtengenezee binti yake hereni, anaolewa. "Ila mwanangu, maua nimeyachoka. Kila harusi maua."

Nikamwonyesha picha ya stesheni yetu ya reli. Jengo lile nalipenda tangu utoto, nilipokuwa nampokea baba akishuka na treni ya Tabora. Wajerumani walifikisha reli hapa Kigoma mwaka 1914, lakini tao la nusu duara juu ya nguzo ni ufundi wa Warumi wa kale. Nikachora: matao matatu, nguzo nne, juu mstari mmoja ulionyooka. Basi.

"Mbona katikati patupu?" akauliza. Namwelewa. Dhahabu kwetu ni gramu, na tundu halina gramu. Nikamwambia, mama, tao lenyewe ndiyo ule uwazi. Ukiuziba unabaki na ukuta.

Bangili zilikuwa za karati 22, laini mno kwa nguzo nyembamba namna ile, zingepinda siku ya kwanza. Nikayeyusha moja, gramu 6, nikaongeza shaba na fedha kama gramu 1.3 ishuke karati 18, yaani robo tatu dhahabu halisi.

Kazi ya mistari inatesa kuliko maua. Jani likikaa vibaya unalipinda kidogo, linaonekana ulikusudia. Nguzo ikilala nywele moja tu, kila mtu anaona. Nami nilizinyoosha kweli, nikazilehemu, nikazishika mbali na jicho: zote zilionekana zimebonyea kiunoni! Nilikaa nazo siku mbili. Ndipo nikakumbuka Wagiriki. Nguzo za Parthenon kule Athens, hekalu lililoanza kujengwa mwaka 447 KK, zimevimba kidogo sana kuelekea katikati, hazikunyooka kama rula. Nikabandua zangu zote, nikavuta waya mnene zaidi, nikapunguza ncha kwa tupa laini na kuacha tumbo dogo ambalo kidole hakilisikii. Zikasimama. Sijawahi kufurahia kazi ya mkono wangu namna ile.

Mama alipokuja aliinua hereni moja dirishani, akachungulia kupitia matao yake, kimya, muda mrefu. Kisha akauliza bangili ya pili iko wapi.

"Haikuhitajika, mama. Hii hapa, nzima."

Akaivaa palepale, akalipa ufundi, akaenda kupanda daladala ya Ujiji.