Nilivyojifunza kumeza omeprazoli kwa wakati wake

Mimi ni mshonaji wa nguo, na chumba changu cha kazi kipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo sisi watu wa Tanga tunazitaja kwa namba. Kuinamia cherehani kutwa kuliniletea maumivu ya kiuno, kiuno kikanizoesha kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, bila kuandikiwa na daktari, na haukupita muda mrefu nikaanza kupata kiungulia kilichopanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni kila nilipojinyoosha kitandani.

Niliponunua omeprazoli ya miligramu 20, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, niliitumia kama watu wanavyotumia dawa ya kichwa: nikiungua nameza, nikipoa naacha. Tena, kwa kuwa kapsuli hunikwama kooni, nilikuwa naifungua na kumimina kilichomo katika chai ya moto, kisha nakoroga. Miezi miwili ikapita hivyo bila nafuu yoyote, nami nikawa nawaambia wateja wangu kwa uhakika wote kwamba dawa za siku hizi zimechakachuliwa.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Baada ya kuniamkia alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akafungua kapsuli moja juu ya karatasi, vikamwagika vipunje vyeupe vya mviringo, vidogo karibu sawa na mbegu za mchicha.

"Mama, wewe ni fundi, utanielewa. Kila kimoja hapa kimeshonewa koti lake."

Alinieleza kwamba omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayokusudiwa kuipunguza, na kwa hiyo kila kipunje hufunikwa ili kivuke tumbo kikiwa salama na kuyeyukia kwenye utumbo, ambako dawa huingia katika damu na kurudi tumboni kwa njia hiyo. Kumbe chai yangu ya moto ilikuwa inaliharibu koti hilo kabla dawa haijafika midomoni!

La pili lilinishangaza zaidi. Katika ukuta wa tumbo zimo seli zenye pampu ndogondogo za kutoa asidi, na pampu hizo huamka kwa wingi tunapokula. Omeprazoli huzifunga zile tu zilizo kazini, nayo haikai katika damu kwa muda mrefu. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, ili pampu zinapoamka ziikute tayari. Hata hivyo si zote hunaswa siku ya kwanza, na nguvu yake kamili huonekana baada ya siku tatu au nne. Anayeungua saa hii na kutaka nafuu saa hii atafute tembe za magnesiamu za kutafuna, ambazo huizimua asidi iliyokwisha kutoka, ingawa nafuu yake ni ya muda mfupi na zikizidi huharisha.

Hakuniuzia dawa siku hiyo. Alinituma kwa daktari, ambaye aliniuliza kama nimewahi kupata choo cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito au kushindwa kumeza. Sikuwa na hata moja. Aliniamuru niache omeprazoli wiki mbili kabla ya kupimwa choo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumficha bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo. Bakteria hakuonekana, lawama ikaiangukia diklofenaki, nikaiacha.

Niliandikiwa wiki nane. Utaratibu wangu ukawa kumeza kapsuli nzima kwa maji mara niamkapo kwa swala ya alfajiri, kisha chai na maandazi baada ya kama saa moja. Wiki ya pili nililala usiku kucha. Wifi yangu alipoona hivyo aliniomba nimgawie, nikamkatalia, naye akanuna. Lakini yeye anatumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, na omeprazoli huipunguza nguvu dawa hiyo. Nilimwambia akamuulize daktari wake kwanza.

Kuacha ndiko kulikonitisha. Siku ya tatu baada ya kapsuli ya mwisho kiungulia kilirudi kwa hasira, nikakaribia kukimbilia dukani. Mfamasia aliniambia kwamba tumbo lililozuiwa kwa wiki nyingi huweza kutoa asidi kupita kiasi kwa muda likiachiliwa, na kwamba wengi huanza tena hapo wakidhani ugonjwa umerudi, wakaendelea miaka bila sababu, ilhali matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza magnesiamu na vitamini B12 mwilini. Alinishauri nile mapema jioni, niinue upande wa kichwa wa kitanda, na nitafune tembe ya magnesiamu pale tu ninapozidiwa. Nilizihesabu siku kama anayehesabu vifungo vya kanzu; ya kumi na mbili nililala bila kutafuna kitu.