Kioo cha Murano katika kabati la Mkunazini

Katika maduka ya vitu vya kale ya Hurumzi na Gizenga, mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, kila chombo cha maua kizito chenye rangi mbili siku hizi kinaitwa Murano. Nayapenda maduka yale na wenyewe nimezoeana nao, lakini kwa jina hilo siwakubalii. Murano ni mji wa visiwani karibu na Venice. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliwahamishia huko mafundi wake wa kioo, tanuri zao zisije zikaunguza mji. Chombo kilichotoka huko kina alama za mkono wa fundi, na hizo ndizo ninazozitafuta. Kibandiko hubanduka, tena hubandikwa.

Nikishika chombo, kwanza hukigeuza. Fundi akishapuliza, hukishika chombo upande wa chini kwa fimbo ya chuma ili aumalize mdomo. Kikitenganishwa na fimbo hubaki kovu, mfano wa kitovu. Mafundi wa Murano mara nyingi hulisaga mpaka kitako kikawa laini. Natazama pia mikwaruzo: chombo kilichokaa miaka mingi juu ya meza huwa na mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, na mpya iliyosuguliwa kwa msasa ili ionekane kuukuu huwa na michirizi ya upande mmoja.

Mshono ubavuni maana yake ni kalibu. Hilo si kosa. Empoli, mji wa Toscana, ulitoa chupa nyingi za kijani zilizopulizwa ndani ya kalibu, nazo ni kioo cha Kitaliana halali, ila si Murano. Ninayo moja yenye kizibo kirefu, niliyoinunua kwa kijana aliyekuwa akiuza vitu vya hoteli iliyofungwa Kiwengwa. Pwani ile Wataliana wamejenga sana, na vyombo vyao huishia mitaani kwetu. Aliniambia ni Murano. Nilimlipa kwa furaha, nikaiandikia karatasi: Empoli.

Mzee mmoja wa Hurumzi aliwahi kuniita. "Mwanangu, njoo uone dhahabu hii."

"Ami, niruhusu niitoe juani."

Fundi wa Murano huliweka jani la dhahabu juu ya kioo cha moto, kisha mara nyingi hulifunika kwa kioo kingine. Kinapopulizwa, jani hupasuka likawa chembe zisizolingana, na zikiwa ndani ya kioo namna hiyo ukucha hauzifikii. Ya ami ilikuwa rangi iliyopakwa nje, ikatoka na ukucha. Akatazama kidole changu, akanipunguzia bei bila kuombwa. Nikaichukua, maana umbo lake lilikuwa zuri kweli.

Kazi ninayoipenda kuliko zote inaitwa sommerso. Donge la kioo cha rangi moja huchovywa ndani ya kioo cha rangi nyingine, hata tabaka mbili tatu, la mwisho mara nyingi jeupe kama maji. Flavio Poli aliyekuwa kiwanda cha Seguso Vetri d'Arte aliipandisha daraja miaka ya 1950, kwa maumbo matulivu yasiyo na pambo. Nyingine ni bullicante, yenye viputo vilivyopangwa safu kwa safu. Kioo cha moto hukandamizwa kwenye kalibu yenye miiba, vishimo vikabaki, kisha tabaka jipya likafunika na hewa ikanaswa humo. Mimi ni mwalimu wa kemia, na kila nikifika kwenye rangi nawaletea wanafunzi kipande mkononi: buluu ni kobalti, zambarau ni manganizi.

Tochi ya kukagulia noti nayo nimeitumia. Kioo chenye urani hung'aa kijani chini yake. Lakini Bohemia, katika Ucheki ya leo, nako walitia urani, na vyombo vyao vizito vya rangi vinachanganywa na vya Murano kila siku, kwa hiyo tochi peke yake hainipi jina.

Kwetu adui ni unyevu. Kioo cha Murano kina soda nyingi, na hewa yenye maji huitoa pole pole mpaka uso wa kioo ukapata ukungu usiofutika. Masika kabati langu hapa Mkunazini halifungwi kutwa, na chombo hakirudi rafuni kabla hakijakauka ndani.

Tena watu hudhani kioo hiki kimekuja Unguja na watalii. Ushanga wa Venice ulishushwa bandarini hapa karne ya 19, ukabebwa na misafara hadi maziwa makuu. Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alinunua ushanga mjini hapa mwaka 1871 kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo. Ule mwekundu ulioitwa samesame ulikuwa na thamani kubwa, na chini ya wekundu wake una moyo mweupe: tabaka juu ya tabaka. Punje iliyovunjika huonyesha hayo yote wazi, ndiyo maana mimi huiomba hiyo kwanza. Wauzaji huniongezea bure. Walio na mikufu ya bibi zao nawaomba wasiikate kuuza punje mojamoja, na kabla ya kubadili uzi wapige picha mpangilio ulivyo.