Ubao wa mawasiliano unaoanza na shikamoo

Utafiti wangu unahusu watoto wenye mtindio wa ubongo ambao wanaelewa kila kinachosemwa, ila misuli ya mdomo na ulimi haiwatii. Hapa Tanga nimefanya kazi kwa karibu zaidi na mvulana mmoja wa darasa la pili. Mikono yake hujikaza na kuyumba, lakini macho ni makini: akiyainua ni ndiyo, akiyafumba ni hapana. Mama yake aliijua lugha hiyo kabla mtafiti yeyote hajafika pale.

Nilikuwa na kishikwambi chenye programu ya picha iliyoundwa kwa mpangilio wa Kiingereza. Unagusa mimi, kisha taka, kisha maji, na mashine inatamka. Kwa Kiswahili inatoka "mimi taka maji", na sikukubali mtoto aliyezaliwa Tanga asikike mgeni nyumbani kwao. Kitenzi chetu kimebeba mtenda, wakati na ukanushi. Kwa hiyo nilitengeneza ubao wa mawasiliano, yaani jedwali la picha na maneno ya kuchagua, na kila kisanduku nilikipa neno zima: nataka, sitaki, nimechoka, imetosha, bado, tena, niache, njoo, nani, kwa nini. Viambishi vinasubiri hadi asome vizuri.

Kisanduku cha kwanza, hata hivyo, hakikuwa nataka. Nilikuwa nikikaa barazani kwao na kuona wageni wanavyoingia. Watoto wengine wanaamkia, wanaitikiwa, wanaulizwa habari za shule. Yeye wanampita, wanamuuliza mama yake, "Anaendeleaje?" Vibao vingi nilivyowahi kuona vinaanza na maji, chakula na choo, kana kwamba mtoto asiyesema ana tumbo tu. Sisi tukaanza na shikamoo. Bibi yake alipoamkiwa mara ya kwanza akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" Ikabidi sijambo iandikwe kwa kalamu palepale.

Michoro mingi nimeitoa ARASAAC, hazina ya serikali ya jimbo la Aragon, Hispania, ambayo hutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Vitu vya nyumbani tulivipiga picha wenyewe: sufuria ya ugali, khanga ya mama, baiskeli ya mjomba.

Ubao wenyewe ni karatasi iliyolaminetiwa. Kishikwambi kinaisha chaji, kioo hakionekani juani, na ndugu wote wanakitaka. Kwa kuwa hawezi kunyoosha kidole, msikilizaji anamtajia safu moja moja, "Watu? Vitendo? Vyakula?", na yeye anainua macho safu yake ikifika, kisha neno lake. Jambo gumu kuliko yote ni kuwafundisha watu wazima kusubiri bila kumalizia. Huwaeleza habari za Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepoteza sauti mwaka 1985 na ambaye miaka ya mwisho alichagua herufi kwa kutikisa msuli wa shavu. Ukumbi mzima ulimsubiri. Ukiwa na mtoto, kimya hicho kinataka subira, na ubao unatakiwa uwe mkononi mwako pia: ukisema "njoo", onyesha njoo, aone maneno yakitumika.

Ukurasa niliousisitizia zaidi ni wa mwili na madhara. Una sehemu zote za mwili, za siri pia, pamoja na inauma, amenipiga, amenishika, naogopa. Mama aliona aibu, na nilimwelewa. Nilimwambia kwamba anayetaka kumdhuru mtoto humtafuta yule asiyeweza kusema. Akanyamaza, kisha akauliza kama tunaweza kuongeza picha za watu wote wanaomhudumia. Tuliongeza.

Shuleni mwalimu alihofia kwamba ubao ungekuwa njia ya kumpa majibu ya mtihani. Nilimfungulia Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009: njia mbadala za kuwasiliana zinahesabiwa kuwa mawasiliano. Tukakubaliana kwamba anayemtajia safu wakati wa mtihani asiwe anayejua majibu.

Kishikwambi sasa kinatumika anapotaka kusikika kwa mbali. Sauti ya Kiswahili iliyomo ni ya mtu mzima, basi binamu yake wa rika lake alirekodi maneno kwa lafudhi ya mtaani kwao.

Kwa atakayejaribu: chapisha nakala mbili, ya nyumbani na ya shule, na maneno yakae mahali palepale kwenye zote. Usiondoe sitaki hata akiitumia kukataa uji kila asubuhi. Safu ya mwisho iache tupu. Yetu imeshajaa majina ya wachezaji wa Simba, na ameomba nyingine.