Kuizuia Seli ya Saratani Isijiunge Upya

Mionzi inapopenya kwenye uvimbe, pigo lake zito zaidi ni kukata nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja. Dozi ya grei 1 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) huacha katika kila seli mikato ya namna hiyo inayokadiriwa kuwa kati ya 20 na 40, pamoja na mikato ya uzi mmoja ipatayo 1,000. Hata hivyo seli nyingi hunusurika, kwa kuwa ndani ya saa chache vimeng'enya vyake huwa vimekwisha kuunga sehemu kubwa ya kilichokatika.

Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu dawa zinazozuia ukarabati huo. Olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa saratani ya ovari, hukinasa juu ya DNA kimeng'enya PARP, ambacho husaidia kuunga mikato ya uzi mmoja, hivyo seli inaponakili DNA yake, mkato mdogo ulioachwa wazi hugeuka kuwa wa nyuzi mbili. Kwa kuwa seli za neva za ubongo hazigawanyiki, ilhali seli za glioblastoma, saratani kali ya ubongo, hugawanyika kwa kasi, watafiti wameijaribu dawa hii pamoja na mionzi dhidi ya uvimbe huo.

Kinachonitia wasiwasi ni tishu zisizo na saratani. Mgonjwa hupewa takriban grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kusudi utando wa kinywa au utumbo uliopitiwa na mionzi upate muda wa kujiunga. Dawa inayozuia ukarabati huo kila mahali mwilini huweza kumzidishia vidonda, na kwa maoni yangu kipimo cha dozi hapo ni kigumu kuliko kuitengeneza dawa yenyewe.