Gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka

Wadau huu ugonjwa umekula hela za watu wengi sana, na mimi ulinisumbua msimu mzima wa joto hapa Dar. Asubuhi gari inawaka fasta, unatoka Mbezi vizuri tu, ukishafika foleni ya Ubungo jua liko utosini inazima yenyewe, haijamisi wala nini, unapiga stata inazunguka weee haiwaki, wa daladala nyuma wanakupigia honi, mnaisukuma pembeni, ikipumzika kidogo inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukiipeleka gereji imeshapoa, fundi anaiwasha mara moja halafu anakuangalia kama unaisingizia gari yako.

Cha kwanza kabisa jiulize stata inazungusha injini au haizungushi, maana hayo ni magonjwa mawili na hayana dawa moja. Kama haizungushi, washa taa kubwa halafu piga stata, taa zikififia sana ujue ni betri au terminali zimelegea au zimeota ule unga wa kijani, hapo maji ya moto na brashi ya waya vinatosha. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Na kwa wenye automatiki, kabla hujaita mtu weka N ujaribu tena, ile swichi ya gia ikichakaa inagoma kwenye P, na usiwachoshe vijana kuisukuma maana automatiki haiwashwi kwa kusukumwa.

Yangu ilikuwa inazunguka vizuri ila haishiki. Fundi wa kwanza akasema plagi, zikawekwa mpya zote nne, ikazima tena. Wa pili akasema mafuta yamechakachuliwa. Sawa, uchakachuaji upo, ndo maana 2010 EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) walianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kuyatambua, kwenye mafuta, lakini jamani mafuta mabovu gani yanapona yenyewe ukipaki kivulini? Wa tatu akataka kushusha pampu ya mafuta. Pampu kweli ikichoka inaweza kugoma ikiwa ya moto, hasa kwa wale wanaotembea na taa ya mafuta inawaka wiki nzima (petroli ndo inaipooza hiyo pampu, wengi hawajui), ila ina kipimo cha bure: zima redio, fungua ufunguo mpaka ON bila kupiga stata, sikiliza huku siti ya nyuma, utasikia kama zzzz ya sekunde 2 hivi. Yangu ilikuwa inalia hata pale ilipogoma kuwaka, kwa hiyo nikakataa.

Kilichonifungua macho ni mshale wa RPM, ule wa kuonyesha injini inazunguka kasi gani. Wakati napiga stata ulikuwa umelala kwenye sifuri hata kutikisika hautikisiki, wakati siku gari ikiwa nzima unacheza kidogo. Sio gari zote ziko hivyo, lakini yako ikiwa inacheza halafu ikaacha, maana yake kompyuta haioni injini ikizunguka, na isipoona haitoi cheche wala haifungui nozeli za kupulizia mafuta. Anayeipa hiyo taarifa ni sensa ya krenki, kidude kinachosoma mzunguko wa krenki, ule mhimili wa injini. Nyingi ndani zina waya mwembamba uliozungushwa, ukishazeeka joto linautanua mpaka unaachia, ukipoa unagusana tena.

Fundi umeme mmoja wa huku Kimara akaniambia usiniletee ikiwa nzima, ikizima nipigie. Ilipozima akaja na bodaboda, hakushika mashine ya kupimia gari, akachukua chupa ya maji ya kunywa akamwagia kidogo kwenye sensa tu (sio kwenye injini nzima jamani, mtapasua vitu), akasubiri, akaniambia piga. Ikawaka! Baadae tukachomeka mashine ikaleta P0335, ndo kodi ya hitilafu ya sensa ya krenki, lakini taa ya chekienjini ilikuwa haijawahi kuwaka hata siku moja, kwa hiyo msiitegemee sana.

Sensa nunua mpya. Ya used pale Gerezani ni rahisi kweli ila nayo imeshachemshwa miaka kwenye gari la mwenzio. Angalia na plagi yake ya waya kama haijajaa oili. Ikibadilishwa na bado inazima, nenda kwenye relei ya pampu (kiswichi kinachoipa pampu umeme), kama inafanana namba na ile ya honi zibadilishane, gari ikiwaka halafu honi ikawa bubu umeshampata.