Kaakaa limefungwa, matamshi bado

“Si alishashonwa huyu? Mbona bado anaongelea puani?” Wateja wengi wanaomsikia binti yangu pale kwenye fremu yangu ya ushonaji, Tandika, huniuliza hivyo. Wanauliza kwa wema, nami nawajibu kwa kirefu, maana wapo wazazi wanaoacha kliniki mara tu kidonda kikipona.

Binti yangu alizaliwa na kaakaa wazi, yaani paa la kinywa lenye mwanya. Mdomo wa nje ulikuwa mzima, hivyo hakuna aliyeona kitu hadi maziwa yalipoanza kumtokea puani. Alifanyiwa upasuaji hospitali ya CCBRT, Msasani, akiwa ameshavuka mwaka na nusu, kwa sababu alichelewa kufikisha uzito unaotakiwa kwa upasuaji. Kidonda kilipona vizuri, na chakula hakipiti tena puani. Ila kuongea alikuwa ameshaanza kabla ya kushonwa, kwa njia aliyoiweza.

Tunapotamka p, b, t au s, sehemu laini ya nyuma ya kaakaa huinuka ikaziba njia ya puani, hewa ikapata nguvu mdomoni. Kaakaa likiwa wazi, hewa hiyo inapotelea puani. M, n na ng’ hazina shida, zenyewe njia yake ni pua. Ndiyo maana mimi baba yake aliniita “mama”, tukawa tunaitika wawili. K ilimtesa zaidi. Aliikatia kooni, ule mkato unaousikia mtu akikataa kwa kusema “a-a”. Kuku akawa “u-u”. Mkato huo ni mazoea, na mshono wa daktari hauuondoi. Mtoto anafundishwa upya, sauti moja baada ya nyingine.

Mtaalamu wa matamshi alianza na kioo kidogo. Alikishika chini ya pua, akamwambia aseme “papa, papa”. Kioo kikaingia ukungu: hewa inavuja. Kisha akamfundisha kunong’ona “haaa” ndefu, na katikati yake afumbe midomo kidogo na kuiachia. Ile h inalegeza koo, mkato unakosa nafasi. P ya kwanza ya kweli ilipotoka, kipande cha uzi kilichokuwa kiganjani mwangu kiliruka. Mama yake alilia.

Majirani walituletea maputo na filimbi. Nawashukuru sana, lakini kupuliza puto hakumfundishi mtoto kusema p. Kinachomfundisha ni kutamka maneno yenyewe, kwa muda mfupi, kila siku, kabla hajachoka.

Umri wa kushonwa nao una uzito. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini. Walipofika miaka 5, waliokuwa na tatizo la kaakaa kutoziba sawasawa njia ya puani wakiongea walikuwa asilimia 8.9 kwa waliopangiwa upasuaji wakiwa na miezi 6, na asilimia 15 kwa waliopangiwa miezi 12. Kwa hiyo mzazi mwenye kichanga, mpeleke mapema, na uzito wake upiganie kwa kila hali.

Halafu masikio. Misuli ya kaakaa ndiyo pia inayofungua mrija unaopitisha hewa kwenda sikioni, hivyo watoto hawa hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto asiyesikia s ataitamkaje? Omba apimwe usikivu, hata kama anageuka ukimwita.

Januari anaanza darasa la awali. Nimeshaongea na mwalimu wake: amkalishe mbele, na asimwambie “sema vizuri” mbele ya wenzake. Akisema “mamai”, mwalimu amjibu tu, “Ndiyo, papai.” Daktari atamwangalia tena baadaye. Kama hewa bado itavuja hata sauti zikishakaa mahali pake, upo upasuaji wa pili wa kuboresha kaakaa, nasi tumeshakubaliana kwamba tutampeleka.