Siku babu alipotia bildi kisimani

Mwaka 2003 nipo form two Tanga, tukapewa zoezi la kutafsiri, sentensi moja inasema nahodha "sounded" mlango wa bandari kabla hajaingia. Mi nikaandika nahodha alipiga honi mlangoni, maana sound si sauti jamani, nani asiyejua? Daftari likarudi na kosa jekundu, maelezo hamna, nilipouliza nikaambiwa nenda kasome. Iliniuma sana siku ile.

Nyumbani nikamkuta babu barazani anashona wavu. Alianza na majahazi halafu akawa baharia melini miaka mingi, kiingereza chake chote cha huko huko. Nikamsomea ile sentensi, hata sijamaliza akasema, "Mjukuu wangu, hiyo ni kutia bildi, kupima kina cha maji."

Akainuka, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akafunga jiwe mwishoni, akawa anatanua mikono yote miwili, hii pima moja, fundo, hii ya pili, fundo, huku ananieleza kwamba bildi yenyewe ni bonge zito la madini ya risasi na chini ina kishimo unapaka shahamu, ikigusa chini inapanda na mchanga au tope, na nahodha aliyezoea anaangalia tu ule mchanga anajua yuko wapi. Yani mi hata kosa nikasahau.

Halafu akanibadilikia, mbona nyie siku hizi kila kitu sauti? Sauti ni ya mtu, ngoma ina mlio, bahari inavuma, nazi ikidondoka ni kishindo. Nikamwambia watu wanasema sauti ya bahari babu, akakataa katakata.

Miaka mingi baadae ndo nikakuta kwenye kamusi kubwa ya kiingereza kwamba sound ni maneno manne yaliyogongana njiani. La sauti lina asili ya Kilatini, sonus, ile d mwishoni imebandikwa baadae. La uzima, kama kwenye akili timamu, ni la Waingereza wenyewe tangu zamani, ndugu yake Kijerumani gesund. La mlangobahari lilitoka kaskazini kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, na la babu, la kupima kina, ni Kifaransa, sonder. Nililia kidogo, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Jioni ile tuliishusha kamba kisimani, mi nahesabu mafundo yanavyopita mkononi. Bibi akatoka na beseni la nguo mbichi anauliza kamba yake iko wapi, babu akamwambia subiri kidogo, mtoto hajafika chini.